Inspecteur mu Nyumba ya Kuku

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 7 mwezi wa saba

Baridi. Nilimwaga maji ya zamani ya bocal ya kioo, nikatia ya mupya, nikamupa samaki yangu Inspecteur foufou, ugali ya muhogo, bipande bidogo kama kichwa ya sindano. Hakukula. Ako na unga mweupe ku mukia, kumbe foufou imemubandika. Nilimukemea: samaki ya mwalimu hapana kujipakaza chakula kama mutoto wa primaire. Vacances, masomo imefungwa, ni tamu. Hakuna cahier ya batoto hata moja ya kusahihisha.

Siku ya pili, tarehe 8

Nilimuosha. Ule unga haukutoka. Umeongezeka: ku mapezi, ku mbavu, hata karibu na jicho. Tena anajikwaruza ku mawe ya chini kama mbuzi ku ukuta. Foufou hapana kuwasha. Mimi mujinga! Miaka makumi mbili na tatu ninafundisha batoto observation, kuangalia kitu vizuri, na kitu kiko mbele ya pua yangu, sikuona.

Siku ya tatu, tarehe 9

Pikipiki mupaka Musienene. Ni siku ya soko, na docta wa mifugo anakuwaka pale. Nilimuonyesha photo mu telefone. Alicheka kwanza. Batu bakatuzunguka. Mama mumoja muuzaji wa viazi akauliza kama samaki ile iko na mafuta. Nikamwambia aangalie viazi vyake.

Kisha docta akaacha kucheka. Haiko unga. Ni bidudu, binakula ngozi. Dawa ni chumvi, kijiko kidogo kimoja kwa litre tano ya maji. Na joto. Maji ipande polepole, degré mbili kwa siku, mupaka makumi mbili na nane. Joto inafanya bidudu biachilie ngozi mbio, chumvi inabimaliza mu maji. Siku kumi. Bila joto, samaki atakufa kabla ya dawa kufanya kazi.

Joto! Butembo, huku ku milima! Mwezi wa saba, mwezi wa baridi!

Siku ya ine, tarehe 10

Chumvi nilitia. Joto nimeshindwa. Nilimutia mu basini, nikaizungusha na mabidon ya maji ya moto: kisha saa moja, baridi imerudia. Nikaweka mbabula, jiko ya makaa, pembeni: moto ikazimika wakati niko ku misa. Inspecteur amelala chini, mapezi amefunga.

Bamama ba chorale banasema ninatengeneza makayabu, ile samaki ya kukausha. Samaki na chumvi, ni nini ingine? Nilicheka pamoja nabo. Nikafika ku nyumba, nikalia. Batoto bangu bote bako Beni, kila mumoja na mambo yake. Nikitoka ku masomo, ni huyu tu anakujaka ku kioo kuniangalia, anazunguka nyumba yote na macho kama inspecteur wa ministère, hapana kuridhika na kitu. Sitaki afe. Basi, nimeandika.

Siku ya tano, tarehe 11

Nyumba iko moja tu mu avenue yetu yenye joto usiku na mchana. Ninaijua sana. Iko nyuma ya ukuta wangu, inanuka, na mu mwezi wa tano nilienda mimi mwenyewe kuishitaki kwa chef wa avenue: Mama Zaina anafuga bitoto bya kuku mia mbili, na mbabula ya kubipasha joto, chini ya dirisha yangu, abitoe. Chef alikuja, hakufanya kitu. Tangu pale Mama Zaina hapana kunisalimia, na mimi hapana kumusalimia.

Siendi kwake. Hata kidogo.

Nilienda. Basini ku mikono, kitambaa juu. Maneno mazuri niliyotayarisha yote yalinitoroka ku mulango. Nikamusalimia, nikasema tu: "Wabukire, Mama Zaina. Niko na mugonjwa."

Akafunua kitambaa. Akaangalia. "Madame Kahindo, ni hii tu? Mimi nilifikiri umeleta tena chef!"

Alicheka mupaka akashika ukuta. Haya ilinichoma ku masikio. Kisha akasema niingize mugonjwa, ninaachia baridi iingie.

Siku ya posho, ndiyo jumamosi, tarehe 12

Degré 22. Thermomètre yake imetundikwa ku ukuta, tunaichovya mu basini. Jana tuliweka basini karibu na mulango, leo tumeivuta hatua moja ku mbabula. Maji ya moto haina hewa mingi, basi lazima mutu achote na kikombe, amwage toka juu, achote tena. Mumoja anamwaga, mwingine anaongea. Mama Zaina anaongea sana. Mimi pia, kumbe. Nimenuka kuku mupaka mu nywele.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Misa. Kisha kuku. 24.

Siku ya pili ya juma, tarehe 15

Nusura. Nilikuta Inspecteur juu ya maji, kinywa wazi, anavuta hewa. Mama Zaina alikuwa anamwaga na kikombe tangu sala yake ya alfajiri, mukono ukamuvimba, hata ku soko hakuenda. Hakuniita, ati hakutaka kuniogopesha. Nilimufokea juu ya hiyo. Yeye pia alinifokea. Tukarudisha basini nyuma hatua moja, tukafungua dirisha, tukamwaga kwa zamu. Saa sita hivi Inspecteur akashuka, akapiga mukia, maji ikaturukia ku uso.

Tulipiga bigelegele! Bitoto bya kuku bikakimbilia kona, byote mia mbili. Nilimukumbatia Mama Zaina, nikamuomba musamaha ya ile mambo ya chef. Akasema mukono unamuuma, niendelee kumwaga.

Siku ya ine ya juma, tarehe 17

Alama za bidudu zimebaki tano! Anakula. Niko na furaha kama mutoto aliyepita ya kwanza mu classe. Bwana ya Mama Zaina amerudi na camion toka Kirumba, akaona basini, akauliza kama ni chakula ya mangaribi. Bibi yake akamujibu: ukiigusa, utalala mu camion.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 21

Siku kumi za docta zimeisha leo. Asubui nilivaa miwani, nikamuangalia Inspecteur pande zote. Mukia safi. Mapezi safi. Ni hivyo tangu juzi, ila sikuandika. Nilikuwa nimekuja na bocal yake, ya kumurudishia ku nyumba.

Mama Zaina akaona bocal. Akainama ku basini, akaangalia.

"Kidudu kimoja kingali, madame. Pale nyuma, ku mukia."

Ku mukia hakuna kitu.

"Ndiyo," nilisema, "ninakiona."

Akaenda kuleta chai. Nilisukuma bocal chini ya kiti.