Video ya Mama Haikwami Tena

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Shati lako jeupe nimelipiga pasi, liko nyuma ya mlango.

Asubuhi, video ya kumuaga Mama kazini ilipokuwa inakwamakwama, sauti iko mbele na midomo inafuata nyuma, ulisema mbele ya shangazi: "Mpe kaka yako, hii imekushinda." Iliniuma.

Haikunishinda. Ulipotoka nilikagua kitu kimoja kimoja. Kumbe picha zote zilikuwa zinasomwa kutoka kwenye ile diski ya zamani ya nje, na mwendo wake ni wa kobe. Nimezihamishia ndani ya kompyuta, nikafunga programu nyingine zote, na sasa video inateleza kama maji. Kaka sikumpigia.

~~Kama hutaki kuja, basi usije.~~

Njoo ukumbini saa kumi kamili. Wakunga waliofanya kazi na Mama kwa miaka thelathini watakuwepo. Video ikiisha litatokea jina la mhariri kwa herufi kubwa, na hilo jina ni langu. Kaa mstari wa mbele ulisome.

Kitinda mimba wako