Kurasa Mbili za Mfalme

Shoga, uko? Mkuu wa shule kaniita leo asubuhi kwa vile vitabu vya wafalme nilivyowachagulia watoto wa darasa la pili.

Kwenye kimoja, mfalme anamwonea mpishi wake, halafu anamwomba msamaha. Basi! Hilo tu!

Eti, "Mwalimu, mkubwa haombi msamaha. Watoto watazoea." Watazoea! Watazoea nini?

Akanipa gundi. Gundi, wallahi! Nizibandike kurasa mbili za msamaha zisifunguke. Na nimezibandika, kwa hasira.

Nimewasomea, nikaruka pale. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mpishi bado analia. Mfalme hakumwambia pole?"

Nikasema hakumwambia.

Hakuna hata mmoja aliyeshangaa, shoga.