Ramli ya "Mh" Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha! Leo nimemaliza gauni langu la kwanza peke yangu — kola, zipu, mikono, kila kitu. Fundi Mkuu alikuwa kapiga magoti, anampimia mteja pindo. Nikamwonyesha. Akalitazama juu mpaka chini. "Mh." Basi! Mh tu, akarudi kwenye pindo lake. Maana yake naijua: nimeharibu, sifai, nitashona vifungo mpaka nizeeke. Na wiki hii ndiyo anachagua wa kukata gauni la bibi harusi. Hilo nimeshalisahau.

Jumanne, 5 Machi

Nimeacha chakula sahanini. Wifi kaniuliza nina nini, nikamsimulia. Yeye ni muuguzi, hana huruma na mtu asiye na homa. Ati, "Wifi, kwa Mh moja umeshafukuzwa, umezeeka na umejizika? Umeanza lini kupiga ramli?" Kaniambia nigawe ukurasa: huku nilichosikia, huku nilichojitungia. Upande wa kwanza: Mh. Wa pili umejaa mpaka pembeni! Nimecheka peke yangu. Kumbe ndivyo nilivyo. Nikisifiwa, ni bahati. Nikiguniwa, ni ukweli mtupu. Akili gani hii!

Alhamisi, 7 Machi

NIMEULIZA! Nimemfuata Fundi Mkuu mezani kwake. "Mama, ile Mh ya Jumatatu..." Mh ipi? Hakumbuki! Nikamweleza. Kacheka mpaka kashika meza. "Mwanangu, nilikuwa na pini kumi mdomoni! Ulitaka nikuhutubie nizimeze?"

Pini! Siku tatu silali kwa ajili ya pini! Kasema mkono wa kushoto umevuta kidogo, nifumue nirudie. Kidogo tu! Na gauni la bibi harusi — nikate mimi. Nimeruka, nikajigonga kichwa kwenye rafu ya vitambaa. Kinauma, na nacheka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekata, nimeshikiza. Bibi harusi kaingia nalo nyuma ya pazia kujaribu. Dakika tano sasa hajatoka. Halafu — kapenga kamasi! Analia! Limembana. Limepasuka. Harusi imevunjika, nahama mji — weeee, hebu tulia! Huenda ni mafua. Huenda ni furaha. Sijui. Sijui, na bado napumua, maajabu!

Anaita. "Fundi! Fundi, njoo mara moja!"

Nimegeuka kumtafuta Fundi Mkuu. Hayupo, kaenda kununua uzi. Anaita tena. Mbona hajibiwi, huyo fundi anangoja n— he! Ni mimi! Naja, dada, na—