Samaki Walionisalimu

Swahiba, nimeumbuka. Usicheke kwanza.

Lile tangi la samaki nililomnunulia mjukuu wangu unalikumbuka? Samaki walikuwa wadogo kama ukucha, nikaona tangi liko tupu, nikaongeza. Nikaongeza tena. Sasa kila mmoja ni kama kiganja!

Leo wamekuja wakwe wa binti yangu. Nikawaita pale kwenye tangi, kifua mbele: "Tazameni, wakiniona tu wanapanda kunisalimu." Kweli wakapanda wote, midomo wazi.

Mjukuu akasema mbele ya watu: "Babu, hiyo siyo salamu. Wanatafuta hewa. Wamebanana."

Wanatafuta hewa, swahiba! Na mimi kila asubuhi nilikuwa nawaitikia!

Binti yangu akaniuliza kwa upole, ndio ulioniuma zaidi: "Kwani Baba, ulidhani watabaki watoto?"

Wageni wakatazama viatu vyao.

Sasa mjukuu ameleta ndoo. Nusu wahamie bwawa la shuleni kwao, la sivyo watakufa wote. "Chagua wewe, Babu, nani ahame."

Mimi, niliyehama kila mji bila kugeuka nyuma, nimekaa hapa na wavu mkononi, nashindwa kuchagua.

Wamepanda tena, midomo wazi. Safari hii siitikii. Ngoja niweke simu chini, nitumbukize wavu.