Kitambaa cha Kijani Nyuma ya Mkasi

Jumapili, 23 Februari

Leo nimekuwa mpiga picha. Basi, nimeamua! Mdogo wangu alikuja baada ya chakula cha mchana akanifungulia ukurasa kwenye simu. Akauliza niitwe nani. Nikasema jina langu. Akacheka, eti jina hilo ni la kushonea suruali. Tumeishia "Jicho la Fundi". Mume wangu akadakia kutoka sebuleni kwamba jicho lenyewe halijaona kifungo chake kilichokatika tangu Novemba. Nimejifanya sijasikia.

Picha ya kwanza: kikombe cha chai mezani. Nimeipiga mara ishirini na tatu, chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. Laiki mbili! Ya mdogo wangu na yangu.

Jumatatu, 24 Februari

Kumbe kujilaiki mwenyewe ni aibu. Nimeiondoa. Imebaki moja.

Mwalimu Mkuu kapiga simu kuulizia gauni. Anastaafu, na sherehe ya kumuaga ni Jumamosi ya tarehe nane. Nimemwambia nimeshakata. (Sijakata. Nani anakata gauni siku kumi na mbili kabla?) Alinifundisha darasa la tatu. Ndiye aliyemwambia mama kwamba hesabu zimenikataa lakini mikono yangu ina akili, nipelekwe kushona. Kitambaa chake ni cha kijani, kizito, amekitunza sandukuni miaka minne kwa ajili ya siku hiyo moja.

Alhamisi, 27 Februari

Nimeweka picha ya jua likizama nyuma ya maghorofa. Kuna mtu anajiita Lenzi Kali, kazi yake kuwasahihisha wanaoanza. Kaandika: "Jua sawa, ila majengo yote yanaanguka. Nyoosha simu." Nimeenda dirishani kuhakikisha. Majengo yamesimama. Niliyepinda ni mimi.

Halafu nikaweka picha ya mume wangu amelala kochini mdomo wazi, nikaiita "Amani". Laiki kumi na moja, zote za dada zake! Ameamka, ameiona, amenuna. Nimeifuta kabla ya chakula. Nampenda, lakini zile kumi na moja zimeniuma.

Jumamosi, 1 Machi

Mdogo wangu amenionyesha ukurasa mkubwa wa wapiga picha wanaoanza. Kila wiki wanachagua Picha ya Wiki, na wiki hii mada ni kazi ya mikono. Mshindi anatangazwa Ijumaa saa sita mchana. Sharti ni moja: picha isifutwe. Kazi ya mikono! Kama wameniita kwa jina.

Mwalimu Mkuu kapiga tena. Nimemwambia bado mikono na pindo tu. Kwetu mafundi huo si uongo, ni adabu. Ukimwambia mteja kitambaa chake hakijaguswa, atalala na presha bure, na gauni halitaisha mapema kwa ajili ya presha yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata!

Saa mbili asubuhi jua limeingia dirishani likatua juu ya meza ya kukatia. Nikasukuma makorokoro yote nyuma, nikabakiza mkasi, tepu na tondoo ya marehemu mama, ile ya kuvaa kidoleni sindano isichome. Nikapanda juu ya stuli. Mteja alikuwa mlangoni na suruali mkononi, nikamnyooshea kidole asubiri. Mkasi unang'aa mpaka unaweza kudhani umetoka dukani leo.

Nimeiweka mchana, nikaiingiza na kwenye Picha ya Wiki. Lenzi Kali kaandika maneno mawili: "Hapa sasa." Nimetoa machozi juu ya cherehani. Nimemwonyesha mume wangu, na yeye kasema ni nzuri kweli, bila utani. Mpaka jioni laiki sitini na nne.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu.

Nimeamka laiki mia nane. Nikaruka kitandani kama mtoto. Halafu nikasoma komenti.

Mtu ameikuza picha. Nyuma ya mkasi, kwenye yale makorokoro niliyoyasukuma, kuna mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani. Ndani yake kitambaa cha kijani, kimekunjwa vilevile kilivyoletwa, na karatasi imebanwa kwa pini, yenye mwandiko wangu mzuri: MWALIMU MKUU – JUMAMOSI!!

"Jumamosi ya mwaka gani?" "Mwalimu jiandae kuvaa mfuko." "Mafundi wote mama mmoja baba mmoja." Watu wanawaita mafundi wao waje waone. Mteja wangu wa gauni la zambarau kauliza mbona la kwake, nililosema liko kwenye pasi, analiona chini ya ule mfuko. Mimi nilitazama mkasi tu! Jicho la Fundi!

Saa kumi komenti ya Mwalimu Mkuu ikaingia. "Hongera mwanangu, mwanga umekaa vizuri sana. Kile kitambaa cha kijani ni cha nani?"

Nimezima simu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekata alfajiri. Nilipima mara nne kwanza.

Mdogo wangu kaja mbio: nisithubutu kufuta! Picha imeingia tatu bora. Eti kuchekwa nako ni kutazamwa. Mume wangu, ambaye sikumuuliza, kasema wangekuwa wananicheka mimi isingekuwa neno. Wanamcheka mama wa watu anayestaafu. Nikamwambia anyamaze avae shati lake. Kavaa, kifungo hakipo.

Mwalimu hajapiga simu. Afadhali angenigombeza.

Sikufuta. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: nimeshika simu mara sita na sikufuta. Naona aibu. Lakini ni mara ya kwanza watu elfu mbili wametazama kitu nilichotengeneza bila kuniuliza kitaisha lini. Nilitaka ifike kesho saa sita. Saa sita tu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu asubuhi mlango umegongwa. Mwalimu Mkuu, mkoba kifuani. Hakusalimia kwa maneno mengi. Kavuta kiti karibu na cherehani, kakaa, kauliza limefika wapi.

Nikaanza "Bado pin—" Akanitazama kwa juu ya miwani. Nilikuwa na miaka minane tena.

"Bado nusu, Mwalimu."

"Haya. Nitasubiri hapahapa."

Nikamjaribisha kiwiliwili cha gauni, kimejaa pini. Akiwa nacho mwilini kaomba simu yangu asome watu wanasema nini. Nikamwambia ni utani wa vijana tu. Kanyoosha kiganja, nikatoa. Kasoma zote, moja baada ya moja. Ile ya mfuko kaisoma mara mbili, midomo ikitembea. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Kasema watoto aliowafundisha wako humo, amewatambua wawili. Halafu: "Nilitaka tu niingie ukumbini nimependeza."

Saa sita kasoro dakika kumi nimeifuta. Hakuniomba. Nimeifuta mbele yake, laiki elfu mbili mia tatu na kitu, na moyo umeniuma, siwezi kudanganya. Mdogo wangu kapiga simu analia kabisa, kana kwamba nimefuta mtu. Mwalimu kauliza ni nani. Nikasema mteja.

Sasa ni saa tisa. Mkono wa kulia umeingia. Wa kushoto niliukata kinyumenyume, ikabidi nichomoe kipande kwenye masalio ya kitambaa, kimetosha kwa kubana pumzi. Pasi inapata moto, ndiyo maana nimeweza kukaa. Pindo sijaligusa, zipu bado, na bitana ya ndani haijakatwa. Mwalimu kauliza tutamaliza saa ngapi. Nikasema kumi. Ukweli ni saa mbili usiku, tena umeme usipokatika.

Anatazama daftari. Anauliza naandika nini muda wote huu. Nimesema vipimo vyake.

Amevaa miwani. Amenyoosha mkono. Anasema, "Lete nisahihishe."