Kona ya Kushoto, Nyuma ya Gari Yako

Baba,

Nakuandikia nikiwa ndani ya pikapu yako, hapa nyumbani Chechelesi. Mtoto mdogo amelala kifuani, ndiyo maana mwandiko umepinda. Ni miezi saba tangu tukuzike na bado sijalia. Shangazi anasema nina moyo wa mawe. Labda. Naamka, nanyonyesha, naenda Rapsu kuchukua vitunguu, narudi. Siku inaisha.

Nataka kukuambia habari ya tairi.

Lile la nyuma, upande wa dereva. Wewe ulikuwa ukilihamisha kushoto kila baada ya wiki chache, ukinung'unika peke yako. Mimi sikulihamisha. Nilichoka tu. Likaisha meno mpaka waya zikachungulia, na la kushoto bado zima. Baba mdogo Ekai akainama, akatazama, akasema, "Hii gari inasukumwa na nyuma, na ekseli ya nyuma imepinda. Uza kama vyuma, mama. Imekwenda na mwenyewe." Alikuwa ameshapata mnunuzi. Nikasema sawa. Baba, nilisema sawa kama mtu anayeulizwa kama ataongeza chai. Bila gari sina kazi, na nilisema sawa.

Safari ya mwisho kutoka Rapsu nikapita kwa fundi wako Guyo, anipe tairi kuukuu la kunifikisha kwa mnunuzi. Akatazama mzigo kabla ya tairi. "Mama Akiru, nani alikufundisha kupakia hivi? Soko lote umelilaza upande mmoja!" Nikamwambia, "Ni Baba." Akaacha kucheka.

Tukashusha magunia. Akainua gari kwa jeki, akashika kijiti karibu na gurudumu, akalizungusha. Halikuyumba hata kidogo. "Ekseli imenyooka kuliko mgongo wangu," akasema. Aliposhusha gari akapima kwa vidole. Upande wa kulia ulikuwa chini vidole vinne. Springi za upande huo zimelala kwa mzigo wa miaka, na tairi lake linabeba peke yake. Akaingia kwenye kiti chako asogeze gari. "Na hiki kioo cha pembeni, cha kushoto, bado kinatazama ndani? Mzee alinikataza kukigusa."

Mimi nilidhani kimelegezwa na barabara. Nikaingia nikatazama. Hakikuonyesha barabara. Kilionyesha kona ya nyuma, kushoto, mahali ambapo hatuweki gunia.

Nilikuwa na miaka sita. Mama yuko sokoni, hakuna wa kuniangalia, unanibeba kwenda Rapsu. Nikikaa mbele natapika kwa harufu ya mafuta. Ukanitandikia gunia tupu pale kona. "Kaa hapo nikuone." Nikitoa kichwa nje, unapiga honi mara mbili.

Nimemaliza shule, nimeolewa, nimezaa wawili. Wewe bado unaacha nafasi. Na mimi nimeurithi usukani, napakia vile nilivyokuona ukipakia, naiacha hiyo nafasi bila hata kujua ni yangu.

Nikamwambia baba mdogo gari haiuzwi. Alinuna, akaondoka bila kuaga, kesho yake akaja kula. Guyo ameongeza springi upande wa kulia. Sasa napakia nusu kwa nusu, na matairi yote mawili yanaisha pamoja, kama inavyotakiwa. Lakini gunia la kwanza la pale kona nililishika muda mrefu. Guyo alidhani limenishinda uzito.

Akiru, mkubwa wangu, aliuliza kama anaweza kukaa pale. Nilimkatalia. Atakaa mbele, afunge mkanda. Akitapika, nitapangusa.

Kimebaki kioo. Kesho nitakigeuza, Baba. Malori ni mengi siku hizi, na mimi ni mama wa watu wawili, lazima nione anayekuja nyuma yangu. Usinikasirikie. Gari nitaitunza, mzigo nitaugawa, na matairi nitakuwa nayatazama kila Jumapili kama wewe. Hiyo ni ahadi.

Lakini leo, kabla sijaanza barua hii, nilipanda nyuma na mtoto mgongoni, nikakaa pale kona juu ya gunia tupu, nikatazama kioo. Nilikuwa nimesahau. Kinaonyesha kiti cha dereva chote, mpaka mahali uso wako ulipokuwa. Kumbe wakati wote ule na mimi nilikuwa nakuona.

Lala salama, Baba.

Binti yako