Mzigo wa Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeumia. Sikuteleza bafuni wala sikugongwa na pikipiki. Nimeumia nikinyanyua chuma, mbele ya watu, kwa umri huu! Ni katikati ya mabega, zaidi upande wa kulia. Nikivuta pumzi panavuta. Nikigeuza shingo panavuta. Kuvua shati tu nimeita majina yote ya Mungu ninayoyajua.

Niandike yote mara moja nimalize. Juu ya duka langu la kinyozi, ghorofa ya pili, kuna gym. Nilianza kupanda huko mwezi uliopita, asubuhi kabla ya kufungua. Nyumbani nasema nawahi kufagia nywele za jana. Hakuna anayejua. Nitamwambia nani, wakati mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wanaume wa vitambi wanaovaa bukta na kukimbia palepale juu ya mashine?

Sababu yenyewe ilikuwa nzuri. Mama. Tangu avunjike nyonga yuko kwetu, na kila asubuhi mimi ndiye ninayemtoa kitandani na kumweka kwenye kiti chake cha barazani. Kuna siku alinielemea, nusura nimwachie. Niliogopa sana. Nikasema, hapa pana haja ya kutafuta nguvu.

Lakini leo sikunyanyua kwa ajili ya Mama. Leo vijana walianza: "Weka mzigo, Chuma! Weka mzigo!" Mzigo ndivyo wanavyoyaita yale mavyuma. Chuma ndiye mimi — jina walilonipa, nami nikalipenda kama mtoto. Sifa zikanipanda kichwani. Nikawaambia wasogee wamwone mtu mzima akifanya kazi. Nikaubusu mkono wangu kwenye kioo (niliubusu!). Nikapandisha chuma juu ya kichwa, kikaenda nyuma, nami nikaenda nacho. Aliyekidaka kisinivunje ni dada mmoja anayeuza duka la dawa hapo mtaani. Akakirudisha mahali pake, akaendelea na mazoezi yake.

Jioni mke wangu alinikuta nimeegemea friji. Kulikoni? Nikajibu kiume: "Ni mzigo tu huu wa asubuhi, nimeunyanyua vibaya." Akasema pole, akaenda kuchemsha maji ya kunikanda. Hakuuliza mzigo gani. Nikashukuru.

Jumanne, 5 Machi

Usiku mbovu. Chali haiwezekani, ubavu haiwezekani. Nimelala nimekaa, na mito mitatu nyuma.

Asubuhi niliingia kwa Mama nikijikaza. Hata sijamshika, akasema leo aachwe, anataka kulala kidogo. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilifurahi.

Kazini mkono hauinuki. Kinyozi bila mkono ni nini? Nilikuwa nachonga mstari wa mbele wa yule karani wa mahakama, bega likashtuka, mstari ukapanda kilima. Nikaufuata ili usawazike. Ukapanda tena. Mwisho karani ana paji la uso kubwa kuliko alilokuja nalo. Kimya, mwenzangu wa kiti cha pili — tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi — akainua kichwa, akaangalia, halafu akarudi kwenye kazi yake bila neno. Hilo lilinishangaza.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa ya kuchua imekwisha. Nimezunguka mtaa mzima nikitafuta duka jingine la dawa lililo wazi. Hakuna. Ikabidi niende kwa yuleyule dada.

Kulikuwa na foleni. Nilipofika mbele nikanong'ona, nataka ya kuchua. Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: ni ya ule mgongo, Chuma? Watu wakageuka. Mimi kugeuka siwezi, nikabaki nimetazama mbele, nimesimama wima kama bendera.

Alipokuwa akiifunga dawa akapunguza sauti. Akasema dawa ya kuchua haitoshi, niende kwa daktari wa viungo. Na kwamba yule kijana wanayemwita Mubashara, yule anayerekodi kila kitu, alirekodi na hilo.

Nilipanda ngazi zile za gym kwa maumivu yangu yote. Nikamkuta Mubashara, nikamwomba afute. Akasema, mzee mbona imetoka vizuri. Nikamwomba tena. Nilikaribia kupiga magoti, kilichonizuia ni mgongo. Akafuta nikiwa naangalia. Nimerudi nimepumua.

Jumapili, 10 Machi

Mama ana jambo. Siku hizi barazani hataki. Yeye ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pale na kutoa hukumu kwa kila mpita njia — huyu kiatu kimembana, yule kagombana na mumewe! Sasa analala tu na redio kaizima.

Glasi ya maji niliyomwekea asubuhi, jioni nimeikuta vilevile, imejaa. Nikauliza. Sina kiu, mwanangu. Chai? Kiasi kidogo tu, chini ya nusu kikombe. Midomo yake imekauka, imepasuka pembeni. Mke wangu anasema hata chooni sasa anataka mara moja tu, asubuhi, na kila akimshika anaomba radhi. Anaomba radhi! Mama aliyenichapa kwa mwiko hadi nikiwa na ndevu.

Nimemwambia mke wangu labda ni uzee. Amenitazama tu.

Jumanne, 12 Machi

Kwa daktari wa viungo, hatimaye. Binti mdogo, mikono ya chuma cha kweli. Msuli umechanika kidogo chini ya bega, si mfupa. Anasema kosa langu ni kukaa kama sanamu, nikidhani ukikaa kimya maumivu yatanisahau. Nisogee. Nisimame mbele ya ukuta, nipandishe vidole polepole hadi panapouma, nishuke. Niviringishe mabega. Nisinyanyue kitu kwa sasa.

Akauliza nimeumiaje, nikasema nilikuwa nahamisha kabati. Akaandika. Sasa kuna na uongo wa kabati.

Mazoezi ya ukutani nimefanyia stoo, mlango umefungwa. Yanasaidia. Nimegeuza shingo hadi karibu niione saa.

Jumatano, 13 Machi

Dada amepiga simu. Dada yangu mkubwa, ambaye tangu mwanzo alisema sitamweza Mama. Anakuja Jumapili kumchukua. Nikauliza amri hiyo katoa nani. Mama mwenyewe, akasema. Mama amempigia, amelia.

Kwa Dada ni ghorofa ya nne na lifti haipo. Mama akipanda pale ndiyo basi, hatashuka tena. Hakuna baraza, hakuna mpita njia. Dada kazini mchana kutwa. Atakuwa mtu wa dirisha na ukuta.

Nikaja juu. Nikamuuliza Dada kwani sisi tumemkosea nini Mama. Akasema: hajasema kosa. Kasema tu hataki kuwa mzigo wa asubuhi wa mtu.

Mzigo wa asubuhi.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Kimya akaniuliza kama ni mgongo, nikasema ndiyo.

Ni maneno yangu yale, neno kwa neno! Ile jioni ya friji mlango wa Mama ulikuwa wazi, na jiko na chumba chake vinatazamana. Amenisikia. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetoka kumnyanyua yeye. Angeelewa nini kingine? Ndiyo maana hanywi maji. Hanywi ili asihitaji choo, asihitaji choo ili mtu asimnyanyue. Mama yangu anajikausha kwa sababu nilimwonea haya mke wangu kumtajia gym.

Mke wangu naye, nimemuuliza. Kumbe naye alielewa hivyohivyo tangu siku ile. Alidhani ninamsema Mama, akaona aibu kwa niaba yangu, akanyamaza. Hilo limeniuma kuliko bega.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeungama. Mke wangu kwanza. Alicheka hadi akakaa chini, halafu akaacha kucheka akasema nenda kwa Mama sasa hivi.

Nikaenda. Nikaanza na ile nusu nzuri: Mama, nilikuwa nafanya mazoezi nipate nguvu za kukunyanyua. Nikaona uso wake unazidi kuanguka, nikajua nimeharibu. Nimemwambia tena kwamba ni kwa ajili yake! Nikarudi nyuma. Hapana Mama, siku ile haikuwa kwa ajili yako, nilikuwa najionyesha kwa vijana, chuma wanakiita mzigo, nikaanguka, nilisema mzigo ule.

Akanishika mkono. Akasema: "Baba, asante. Lakini wewe kudanganya hujui tangu mdogo. Wewe na kitambi hicho, ukanyanyue vyuma na vijana? Umetafuta hadithi ya kunibakiza. Nimeipokea. Sasa niache nikapumzike kwa dada yako."

Nikaapa. Akasema nisiape kwa uongo. Mambo gani haya! Uongo wangu wa nusu sentensi ameuamini, na ukweli nimemwapia hautaki.

Glasi imejaa.

Jumamosi, 16 Machi

Ushahidi ulikuwepo, nikaufuta kwa mikono ya Mubashara. Leo nimempandia tena: ile video, unayo mahali popote? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Mzee, si ulinisimamia hadi nikafuta?

Nikamwomba dada wa duka la dawa aje amwambie Mama. Akasema zamu yake inaisha usiku, Jumapili yuko kazini mchana kutwa, ila ningempa simu angeongea. Nikawaza Mama anaongea na mwanamke asiyemjua ambaye mwanawe kamtafuta aje kusema maneno. Angesema nimekodi shahidi.

Jioni tunafunga, nikamsimulia Kimya. Yote. Kuanzia kioo nilichokibusu — mkono, si kioo, hata kusema nimekosea. Alikuwa anafagia. Akaegemeza ufagio, akatoa simu, akatafuta kidogo, akanipa.

Mimi huyo. Nimeanguka kwa makalio.

Kumbe Mubashara aliituma Jumatatu ileile, kabla sijafika kumwomba. Jengo zima wanayo. Fundi viatu wa chini anayo. Yule karani wa mahakama anayo, aliitazama akiwa amekaa kwenye kiti changu, namharibia kichwa! Na wote hawakusema, kwa sababu Kimya aliwapitia mmoja mmoja akawaambia atakayenitania atanyolewa kwingine. Kimya huyu. Nimeona aibu hadi masikio. Sijui aibu ipi, zilikuwa nyingi kwa pamoja. Amenitumia. Iko kwenye simu yangu sasa. Sijaweza kuitazama hadi mwisho.

Jumapili, 17 Machi

Dada kaja mapema na teksi. Naandika haya kwenye korido, nimeegemea ukuta, kwa sababu nimeambiwa nitoke.

Mama alikuwa amevaa tayari. Begi kitandani, kanga zimekunjwa, redio juu. Midomo ile. Dada akaingia na dereva wa teksi, kijana wa mabega mapana, akasema haya tumnyanyue. Mama akamwomba radhi dereva kabla hata hajamgusa. Nikashindwa kuvumilia.

Nikasema ngojeni. Nikakaa kitandani, polepole, kwa ule mgongo, nikampa Mama simu. Miwani! Dada akamvalisha. Nikabonyeza.

Sauti ikaanza kwanza, iko juu, sikujua kuipunguza: "Weka mzigo, Chuma! Weka mzigo!" Halafu sauti yangu: "Sogeeni watoto, mumwone mtu mzima!" Nikatazama sakafu. Nikasikia busu. Kweli busu lile linasikika. Nikasikia chuma, nikasikia ukelele ambao nilikuwa nimejidanganya kuwa sikuutoa, na vijana wote kwa pamoja: "Mzigo umemshinda!"

Dereva wa teksi ameziba mdomo kwa mkono, anatikisika. Dada kasema jina langu tu, lile la utotoni. Mama hakucheka. Nilisubiri acheke, hakucheka. Alitazama kioo cha simu kilichozimika, akanitazama mimi, akakitazama tena. Nilitaka kumwelezea.

Akasema: "Huyu mwanamke aliyekidaka chuma, nani?"

Dada wa duka la dawa, Mama.

"Kwa mkono mmoja!"

Kwa mkono mmoja, Mama.

Akaniuliza panauma wapi hasa. Nikamgeuzia mgongo. Akapapasa kwa kidole, akapakuta palepale, akapabonyeza, nikaruka. Ndipo akasema nitoke, anataka kuzungumza na binti yake.

Nimetoka. Begi sijui. Nasikia zipu, lakini zipu inafungua au inafunga, huku nje sauti ni moja. Teksi imeachwa na injini inanguruma. Dereva amekuja mara mbili kuuliza tunakwenda au hatuendi, na kila akiniona anaangalia pembeni. Ndani nasikia sauti ya Dada, ya chini, inabembeleza. Halafu ile video, tena, tangu mwanzo. Weka mzigo, Chuma. Busu. Sasa kuna anayecheka, sijui ni nani kati yao, wanafanana kucheka.

Mlango umefunguka kidogo. Dada ametoa mkono tu, na glasi ya jana. Tupu.

Anasema Mama anataka nyingine.